Wajumbe wa Mwili

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wazee walisema hivyo juu ya pembe iliyopigwa kijijini ili watu wote wapate habari kwa mara moja. Lakini kila mtu, awe mfalme au mchunga mbuzi, anayo mbiu yake mwenyewe ndani ya mwili, nayo hulia usiku na mchana bila ya yeye kuisikia. Hulia anapokanyaga mwiba, anaponusa mchuzi jikoni, anapogeuza ukurasa wa kitabu, hata anapolala usingizi. Msomaji wangu, wakati huu macho yako yanapopita juu ya maneno haya, mbiu hiyo inalia kichwani mwako mara zisizohesabika. Nakuomba tufuatane tupate kujua ni kitu gani, yapita njia gani, na kwa nini ni lazima iwe na wakati wa kulia na wakati wa kunyamaza. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na wako watu walioteseka miaka mingi kwa sababu jirani zao hawakulijua.

Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba ilivyojengwa kwa mawe. Seli za ngozi hufunika, seli za misuli huvuta, seli nyekundu za damu huchukua oksijeni. Ziko na nyingine ambazo kazi yao ni kupokea habari na kuzipeleka mbele. Hizo huitwa niuroni. Wataalamu hukadiria kuwa ubongo wa mtu mzima una niuroni kama bilioni 86. Umbo la niuroni lafanana na mti mdogo uliong'olewa. Upande mmoja una matawi mengi mafupi yaitwayo dendriti, na hayo ndiyo masikio yake. Katikati pana mwili wa seli, na ndani yake kiini. Upande wa pili hutoka uzi mmoja mwembamba uitwao aksoni, na huo ndio mdomo wake. Mwili wa seli ni mdogo hata macho matupu hayauoni, lakini uzi wake waweza kufika urefu wa meta moja, kutoka mgongoni mpaka kwenye kidole cha mguu. Nyuzi nyingi za namna hii zikikusanywa pamoja, kama nyuzi za katani zinavyokusanywa kuwa kamba, ndizo mishipa ya fahamu.

Kwa karne nyingi watu walidhani kuwa mishipa hiyo ni mabomba yanayopitisha pumzi au maji. Mwaka 1791, Luigi Galvani, mtaalamu wa mji wa Bologna katika Italia, alichapisha habari za majaribio yake juu ya vyura. Mguu wa chura aliyekufa ulirusha teke mshipa wake ulipoguswa na umeme. Tangu hapo ikaanza kujulikana kuwa habari za mwili ni jamaa ya umeme. Wengi wakadhani basi kwamba huenda kwa kasi isiyoweza kupimwa kamwe. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipima kasi hiyo katika mshipa wa chura, akaiona kuwa kama meta 27 kwa sekunde. Farasi akikazana haufikii mwendo huo, lakini ni mwendo unaopimika. Kumbe hisia zetu, tunazozidhani kuwa za papo kwa papo, zina safari, na safari yao ina muda wake.

Katika mwili wa binadamu ziko nyuzi zenye mbio na ziko zenye kujikokota. Zile zenye mbio zimevikwa joho la mafuta liitwalo mielini, na habari hurukaruka ndani yake kutoka pengo hadi pengo, kama mtu avukaye mto kwa kuruka juu ya mawe. Zilizo hodari kupita zote hufikia kama meta 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na joho hazifikii hata meta 2 au huzipita kidogo tu. Kama wataka ushahidi, kumbuka siku ulipojikwaa kidole katika jiwe. Kwanza ulipata uchungu mkali kama wa sindano. Ukashika pumzi kitambo kidogo, ukijua kwamba mwingine uko njiani. Kisha ukaja uchungu wa pili, mzito, wa kuvuma, usiotaka kuondoka. Jiwe lilikuwa moja na kidole kilikuwa kimoja, lakini wajumbe walikuwa wawili: mmoja alikimbia, na mmoja alitembea.

Umeme huu haufanani na ule wa waya unaowasha taa. Umetengenezwa kwa chumvi. Nje ya kila niuroni pana majimaji yenye sodiamu nyingi, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayotia katika chakula. Ndani yake pana potasiamu nyingi. Baina ya nje na ndani pana utando mwembamba wenye pampu zisizopumzika, ambazo hutupa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kwa ajili hiyo ndani huwa na tofauti ya umeme na nje, kama sehemu 70 za elfu ya volti. Ni kidogo sana, kama sehemu moja ya ishirini ya nguvu ya betri moja ndogo ya tochi. Niuroni iliyotulia haikulala. Ni kama upinde uliokwisha kuvutwa, ukingojea tu kidole kiachilie.

Kidole kikiachilia, malango madogo katika utando hufunguka, na sodiamu huingia kwa kishindo. Kwa muda wa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde, umeme wa mahali hapo hupinduka. Kupinduka huko huamsha malango ya jirani, nayo huamsha ya jirani yake, hata habari ikafika mwisho wa uzi. Nyuma yake malango ya sodiamu hufungwa, potasiamu hutoka, na utulivu hurudi. Umepata kuona moto ukipita katika nyasi kavu? Hakuna jani linalosafiri. Kila jani huungua mahali pake na kuliwasha jani linalofuata, na moto hufika mbali ukiwa na nguvu ile ile uliyoanza nayo. Mbiu ya mwili huenda vivyo hivyo, ila nyasi zake huota tena mara moja, tayari kuungua upya. Waliotufumbulia siri hii ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley. Walimtumia ngisi, ambaye ana uzi mmoja mnene wa kutosha kuingizwa kijiti cha kupimia umeme ndani yake. Walianza mwaka 1939, vita vikawakatiza, wakatoa maelezo kamili mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tazama ajabu nyingine. Mbiu ya niuroni haina kubwa wala ndogo. Ama hulia yote, ama hailii kabisa, kama bunduki isiyoweza kupiga nusu ya risasi. Basi vipi twapambanua kuguswa na unyoya na kupigwa na fimbo? Mwingereza Edgar Adrian alionyesha jawabu katika miaka ya 1920. Mguso mwepesi huleta mapigo machache yaliyoachana, na mguso mzito huleta mapigo mengi yanayofuatana upesi. Mpiga ngoma mwenye ngoma moja na fimbo moja aweza kutuambia arusi au msiba kwa kubadili mwendo wa mapigo yake tu. Niuroni ni mpiga ngoma wa namna hiyo.

Je, habari ikifika mwisho wa uzi huendaje kwa niuroni ya pili? Jambo hili liliwagawanya mabingwa. Muitaliani Camillo Golgi aliamini kuwa nyuzi zote zimeungana kama wavu wa mvuvi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetumia rangi iliyovumbuliwa na huyo huyo Golgi, alitazama katika hadubini akasema kila niuroni imesimama peke yake. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na hata siku ya kuipokea hawakukubaliana. Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Baina ya niuroni na niuroni pana ufa mdogo uitwao sinapsi. Upana wake wa kawaida ni kama sehemu 20 za bilioni ya meta, yaani wembamba usio na mfano katika vitu tunavyovishika kwa mikono. Lakini ufa ni ufa, na moto wa nyasi hauwezi kuuruka hivi hivi. Panahitajika chombo cha kuvukia.

Aliyekionyesha chombo hicho ni Otto Loewi, mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa jaribio lilimjia usingizini. Akaamka, akaandika, na asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo lilirudi, naye hakungoja asubuhi. Alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ingali ikipiga katika maji ya chumvi. Akautia umeme mshipa wa moyo wa kwanza, na moyo ule ukapunguza mapigo yake. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayatia katika moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, ingawa hakuna mshipa wake uliotiwa umeme. Mshipa, basi, ulikuwa umemwaga dawa fulani majini, na dawa hiyo ndiyo iliyobeba ujumbe. Siku hizi dawa hiyo huitwa asetilikolini, na tunajua kuwa ziko nyingine nyingi. Habari husafiri kwa umeme ndani ya uzi, hufika ufukoni, huvuka kwa mashua ya dawa, na ng'ambo ya pili huanza safari mpya.

Nataka usilipite jambo hili kwa haraka. Ujumbe alioukamata Loewi majini haukuwa ujumbe wa kusukuma. Ulikuwa ujumbe wa kutuliza. Uliuambia moyo: pole pole. Sisi hudhani kuwa kazi ya mishipa ya fahamu ni kuamrisha tu, lakini nusu ya hekima yake ni kuzuia. Niuroni moja yaweza kupokea habari kutoka kwa maelfu ya wenzake. Wengine huiambia, lia! Wengine huiambia, nyamaza! Nayo hupima. Sauti moja ya kusukuma haitoshi kuiamsha, lakini haba na haba hujaza kibaba. Zikizidi zile za kusukuma, hulia. Zikizidi zile za kuzuia, hukaa kimya. Kunja mkono wako sasa hivi, msomaji. Msuli wa mbele ya mkono umekazwa, na msuli wa nyuma umelegezwa kwa amri ya kuzuia wakati ule ule. Kama yote miwili ingepewa amri ya kuvuta pamoja, mkono wako ungekuwa gogo.

Je, wataka kujua mwili unakuwaje wazuiaji wakinyamazishwa? Mtazame mgonjwa wa pepopunda. Vijidudu vilivyomo udongoni huingia katika kidonda, labda cha jembe au cha msumari, na humo hutoa sumu. Sumu hupanda kwa njia ya mishipa mpaka katika uti wa mgongo, na huko huzifunga midomo niuroni za kuzuia. Misuli yote hukakamaa, taya hubana, mgongo hupindika kama upinde. Tazama na jina lenyewe: watu wa kale walimtaja pepo kwa kuwa hawakuiona sumu. Leo chanjo yatukinga na ugonjwa huu, na hakuna pepo anayekingwa kwa chanjo.

Ugonjwa wa pili una jamaa na jambo hili, nao ni kifafa. Mwaka 1924 daktari Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, alifaulu kuandika mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu kutoka nje ya kichwa. Kwa chombo cha namna hiyo madaktari huweza kuona yanayotokea mtu anaposhikwa na kifafa. Niuroni nyingi, ambazo kwa desturi kila moja hulia kwa zamu yake na kwa sababu yake, hulia zote pamoja bila kipimo. Kusukuma kumekushinda kuzuia. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Mtu huanguka, viungo hutikisika, fahamu hupotea. Baada ya dakika moja au mbili dhoruba hutulia, naye huamka amechoka, hajui lililompata. Chanzo chaweza kuwa jeraha la kichwa, taabu wakati wa kuzaliwa, homa iliyopanda ubongoni, au jambo lisilofahamika. Kuambukiza, haambukizi mtu.

Nayasema haya kwa kuwa nimekaa nyumba moja na kifafa. Ndugu yangu wa kike anayenifuata kwa kuzaliwa alishikwa mara ya kwanza kisimani, akiwa na umri wa miaka tisa. Wateka maji wenzake walikimbia. Walisema povu lake likimgusa mtu humwambukiza. Mama akampeleka kwa waganga watatu, na kila mmoja alitaja pepo wa jina lake na wa bei yake. Shuleni, baba aliambiwa amwondoe mtoto kwa kuwa anawatisha wengine. Alikaa nyumbani miaka miwili, akisoma vitabu vyangu jioni nilipovileta. Siku moja alianguka mekoni, na kovu la moto liko mkononi mwake mpaka leo. Lakini moto haukumuumiza kama kikombe chake. Kilikuwa kikombe cha bati, kilichotundikwa peke yake ukutani, mbali na vikombe vingine, ili mtu asije akakinywea.

Hatimaye muuguzi mmoja wa zahanati aliketi na mama mkekani, akamwuliza yote yaliyokuwa yakitokea, tangu mwanzo wa kuanguka hata mwisho. Alipotoa vidonge, mama alimwuliza kwa mashaka, "Mwanangu, hivi kweli pepo hutolewa kwa kidonge?" Muuguzi akajibu, "Mama, hapa hapana pepo wa kutolewa. Kichwani mwa binti yako wako wanaosukuma na wako wanaozuia. Wanaozuia wamezidiwa. Kidonge hiki ni cha kuwasaidia." Mama hakusoma shule, lakini alielewa mara moja, maana alikuwa amelea watoto saba.

Muuguzi yule alisema kweli. Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, huzipa nguvu sauti za kuzuia. Fenitoini, iliyoonyeshwa kufaa mwaka 1938, hulinda yale malango ya sodiamu yasifunguke ovyo ovyo. Waona basi, msomaji, kwamba lango na ufa tulivyovisema kwa urefu havikuwa hadithi za ngisi na vyura tu. Ndugu yangu alisinzia sana majuma ya kwanza, kisha akazoea. Kuanguka kukapungua, halafu kukakoma. Alirudi shuleni, akamaliza, na leo ni fundi wa kushona nguo mwenye watoto wawili. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kama milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa yenyewe si ghali. Ghali ni ujinga.

Huenda katika darasa lako yumo mwanafunzi wa namna hiyo. Akishikwa, usikimbie. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, umwekee kitu laini chini ya kichwa, umlegeze ukosi wa shati. Usimshike kwa nguvu kuzuia viungo vyake, wala usimtie kijiko, maji au kitu chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu ili apumue vizuri, na utazame saa. Ikipita dakika tano dhoruba haijatulia, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, tafuta gari la kumfikisha hospitali. Akiamka, kaa naye, ukamwambie kwa upole lililotokea. Na kama ni mgonjwa atumiaye dawa, mhimize asiikatize ghafla kwa kudhani amepona, maana kuiacha bila shauri la daktari kwaweza kuiamsha dhoruba kubwa kuliko ya kwanza. Baada ya hayo, kunywa naye katika kikombe kimoja. Kufanya hivyo hakuna dawa ndani yake, lakini kunaponya.

Nimeitafakari sana serikali hii ya mwili isiyo na kiti cha enzi. Hakuna niuroni moja inayojua kusoma, wala moja inayojua kupenda, wala moja inayokumbuka uso wa mama. Kila moja hujua mambo mawili tu: kulia na kunyamaza. Lakini kwa kupokezana kwao, kila moja ikiupeleka ujumbe kwa jirani yake bila ya kuupunguza, na kila moja ikijizuia pale inapopasa kujizuia, hupatikana mtu mzima mwenye akili na utu. Jamii nayo haina njia nyingine. Yako maneno ambayo hatuna budi kuyapeleka mbele upesi, kama vile habari ya dawa na ya chanjo. Yako na mengine, kama lile la povu na la pepo, ambayo yakitufikia heri yafe mikononi mwetu. Mwenye kusema kila alisikialo hana hekima kuliko ubongo ulioshikwa na kifafa, na mwenye kunyamaza kila siku hana faida kuliko mshipa uliokatika. Utu u katikati, katika kupima.